Picha Nyeusi ya Binti wa Shella

Juma lililopita nilikwenda kwenye maonyesho ya picha hapa Malindi. Iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa karibu nyeusi tupu: ardhi nyeusi, mbingu nyeusi, na katikati mstari mwembamba wa mwanga. Aliyeipiga, binti kutoka Shella, alisimama kando akivuta-vuta ncha ya mtandio wake, kwani babake alikuwa amekuja kuona kazi yake kwa mara ya kwanza.

Mimi nilisema picha ile ni msiba. Bwana mmoja mwenye miwani akasema ni upweke. Babake binti, mzee mwenye kanzu nyeupe, aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mwanangu," akasema, "hivi ndivyo ilivyokuwa alfajiri uliyozaliwa. Mamako alikuwa ndani na wakunga, nami nimetolewa nje, natazama mashariki nikiomba dua. Sikuona kitu ila mstari kama huu. Kisha nikakusikia unalia."

Binti alijifunika uso kwa mtandio. "Baba, hujapata kuniambia."

"Nawe hujapata kunionyesha."

Yule bwana wa miwani akamwuliza kwa adabu, "Shekhe, kumbe nawe ni mpiga picha?"

Mzee akanyoosha kanzu yake. "La. Mimi ndimi babake aliyeipiga," akajibu, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni.

Nimewahoji mawaziri na mabalozi katika kazi yangu hii ya uandishi wa habari, lakini sijaona aliyetaja cheo chake kwa fahari kama ile.