Nthoki Akataa Kidole cha Jirani

Saa mbili asubuhi, katika chumba kidogo cha kliniki moja ya utafiti huku Eastlands, Nthoki Maingi anapangusa meza. Anaweka kidau cha wino, halafu anakisukuma mbali, mkono wa mama yeyote usikifikie upesi.

"Wino ni wa mwisho," anasema. "Kwanza tuongee."

Kazi yake ni kuwasomea akina mama karatasi ya idhini. Kliniki inajaribu dawa mpya ya kifua kwa watoto wachanga. Nusu wanapewa hiyo mpya, nusu ile ya zamani, na wote wanatolewa damu mara tatu. Nthoki anasoma kwa Kiswahili, na kwa Kikamba au Kikuyu ikibidi. Kisha mama naye amweleze alichosikia. Asiyeweza kueleza hatii kidole chenye wino kwenye karatasi, wala hafukuzwi.

Ameifanya kazi hii tangu 1981. Viatu vyake vimetiwa soli mara mbili mwaka huu kwa kutembelea nyumba za watu.

Mwezi uliopita alikuja Wakiuru, mama anayebaki na watoto wa jirani zake wakienda kazini. Mgongoni alikuwa na Muturi, wa miezi kumi na mmoja, anakohoa. Wakiuru alisikiliza, akaeleza vizuri kuliko wengi, akatia kidole. Ndipo Nthoki akauliza mtoto alizaliwa hospitali gani.

"Hiyo muulize mamake," Wakiuru akasema.

"Kwani wewe si mamake?"

"Mimi ndiye namlisha, namuogesha, namlaza. Mamake yuko sokoni Gikomba na mitumba yake. Ulitaka nini zaidi dada, nimnyonyeshe?"

Nthoki alicheka, lakini akaipiga karatasi mstari. Muuguzi alikuwa ameshafungua chupa ya dawa. Daktari hakufurahi, maana walibaki watoto wanne tu hesabu yake itimie.

"Huyu ni kama mzazi," akasema daktari.

"Ni kama, daktari. Mwenyewe yuko mwendo wa nusu saa."

Alikwenda kwa miguu. Alimkuta Wangu, mamake Muturi, amekaa juu ya belo la sweta. Wangu aliposikia habari ya dawa alisimama. Muturi akiwa na miezi minne alidungwa sindano kwa nyanyake Murang'a, akavimba uso mpaka macho yakazibika. Mtoto ambaye mwili wake umewahi kukataa dawa namna hiyo hatakiwi kabisa katika utafiti ule.

"Sikuwa nimemwambia mtu," Wangu anasema sasa, ameketi na Nthoki klinikini. "Alipona, nikasahau. Basi nilikataa, na hawakuninunia. Alipewa dawa nyingine siku hiyo hiyo, baada ya mimi kueleza."

Leo Muturi anatambaa chini ya meza ya Nthoki, anatafuna pindo la leso. Kifua kimepoa.

Akina mama, hapa tujiangalie. Sisi wa estate, tunaoishi mlango kwa mlango, tunaachiana watoto bila maneno mengi, na ni vizuri, la sivyo nani angeenda kazini? Lakini uji ni uji na dawa ni dawa. Ukimwachia jirani mtoto, mwachie na habari za mwili wake. Na wewe jirani, hata ukimpenda vipi, usimtilie kidole.

Baadaye kamati inayokagua utafiti ilimwita Nthoki aieleze karatasi ile aliyoipiga mstari. Ina madaktari, mwalimu mmoja na kasisi.

"Nilivaa nguo ya kanisani," anasema. "Kama ni kufutwa kazi, nifutwe nikiwa nadhifu."

Hakufutwa. Kamati iliamuru mtoto yeyote asiingizwe mpaka mzazi mwenyewe aongee. Tena imekubali ombi lake: kuanzia Jumanne ijayo mama mmoja wa estate ataketi nao, asomewe kila karatasi kabla haijapigwa chapa. Nthoki anamtaka Wangu.

"Mimi niliachia darasa la sita," Wangu anamwambia. "Nitawauliza maswali mpaka wachoke."

"Wacha wachoke. Hicho kiti ndicho cha kuuliza."

Wakiuru, aliyekuja na Wangu, anainama na kumfunga Muturi mgongoni.

"Nenda, Wangu," anasema. "Mtoto nitabaki naye. Lakini kidole changu kitakaa mfukoni."