Njia ya Kimya na Radhi Niliyoiruka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila ninapoikumbuka huacha ninachokifanya nikakaa chini. Nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba hii hii yetu ya Gazi, begi mgongoni, na ndani ya begi kofia nne za sufi nilizowaletea wadogo zangu. Nilibisha hodi kwenye mlango wa nyumbani kwangu mwenyewe. Mamako akatoka amekubeba. Ulikuwa hujatimiza wiki tatu. Hakunisalimu, wala hakuniuliza nimetoka wapi. Alisema tu, "Tumekutafuta mochwari, kaka," kisha akaingia ndani.

Nakuandikia nikueleze nilivyofika pale, kwa sababu Ijumaa ulipokuja kunitazama uliniuliza swali nami sikukujibu. Ulinionyesha kwenye simu njia mbili za kupanda katika milima ya Himalaya, wewe na wenzako wa kundi la matembezi la Ukunda.

"Mjomba, tazama. Hii ndiyo wanayokwenda wote. Ukitembea saa mbili unakuta nyumba ya wageni, chai ipo, mtandao upo. Hii nyingine sasa, siku kumi na saba, hema tu. Hakuna mtu."

"Na wenzako wasemaje?"

"Wamegawanyika. Kevo asema hiyo ya kimya ndiyo safari, ile nyingine ni soko la Kongowea lililotiwa baridi."

"Na wewe?"

"Mimi naitaka hiyo ya kimya. Lakini naogopa nitamaliza likizo yote nikitazama mawe. Yafaa kweli?"

Nikakuambia niache nifikiri. Ukacheka, ukasema mjomba hufikiri mpaka chai ikaota utando. Nilinyamaza kwa sababu njia kama hiyo nimewahi kuipita, na mamako hakupata kukuambia nilikuwa wapi siku uliyozaliwa. Amenisitiri miaka yote hii. Jumapili nilikwenda kwake Bongwe nikamwomba ruhusa ya kukueleza. Alikuwa akichambua mchele. Akasema, "Mwambie. Na usijipunguzie."

Basi sitajipunguzia.

Unajua kwamba baba yetu alitangulia na mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikaingia mikokoni kukata boriti, maana siku hizo watu walikuwa bado wakikata, halafu nikapata kazi ya kutunza bustani Diani. Wadogo zangu walikula, wakavaa, wakasoma. Sisemi haya nisifiwe. Nasema ili ujue kwamba kwa miaka kumi sikupata kuwa mahali ambapo hakuna mtu wa kuniita. "Kaka, daftari limeisha." "Kaka, Bakari ana homa." "Kaka, paa linavuja." Hata chooni waliniita.

Katika nyumba niliyofanyia kazi alikuwa akija mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, tukimwita Mzee Oto. Kila mwaka alikaa miezi miwili. Macho yake yalikuwa yakififia. Asubuhi, maji yakitoka, tulitembea pwani pamoja, mimi nikimwambia hapa pana jiwe, hapa pana shimo. Katika ujana wake aliwahi kupanda milima hiyo unayonionyesha, na alitaka kuiona mara moja tena kabla ya macho kuzimika kabisa. Mwaka ule akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kusukuma, "Hamisi, wewe macho yangu. Twende."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mamako alikuwa na mimba yako, mwezi wa nane. Babako alikuwa melini, mbali. Nami nilikuwa nimemwahidi mamako kwa mdomo wangu kwamba siku ikifika, mimi ndiye nitakayempeleka Msambweni hospitali.

Unaijua desturi yetu. Mtu akitaka kusafiri mbali huzunguka nyumba kwa nyumba. Hupiga hodi, hukaa kidogo, husema, "Nimekuja kutaka radhi. Kama nimekukosea kwa kauli au kwa kitendo, unisamehe." Naye mwenye nyumba husema, "Radhi umepata, nami unisamehe," na huenda akakusomea dua. Hakuna anayeruka hilo, hata anayekwenda Hija, na huyo ndiye wa kwanza kuomba.

Mimi niliruka. Nilijiambia kwamba radhi ni ya wazazi, na wazazi wangu wako kaburini. Nitamtaka nani? Watoto niliowafuta kamasi? Mkubwa huaga, haombi. Basi nikawaambia wadogo zangu kwamba nakwenda Mombasa, kazi ya wiki nne. Mamako akaniuliza, "Utawahi?" Nikasema nitawahi. Uongo mwepesi namna hiyo, mwanangu, nikaondoka nao kama aliyebeba kikapu kitupu.

Tulipofika katika mji mmoja wa nchi ya Nepali, mwenye kampuni ya wapagazi alitandika ramani mezani. Akatueleza kama wewe ulivyonieleza: njia hii ina watu, nyumba na simu; njia ile haina. Mzee Oto akanigeukia. Alisema yeye hatauona vizuri uzuri wa yoyote kati ya hizo mbili, hivyo mwenye macho achague. Nikaweka kidole kwenye ile ya kimya kabla hajamaliza kusema.

Alidhani nimependa milima. Sikuwa nimependa milima. Nilikuwa nimesikia kwamba huko hakuna simu. Chini ya hoteli yetu kulikuwa na kibanda cha kupigia simu. Nilikipita mara nne kwa siku mbili, na namba ya dukani kwa jirani yetu naijua kwa moyo. Sikuingia.

Sasa nikujibu uliloniuliza, ili nisije nikakutisha bure. Njia ile ni nzuri kuliko ninavyoweza kuandika. Siku ya tatu tuliacha miti. Siku ya tano nilisikia damu ikitembea masikioni mwangu, nikadhani ni mto. Kuna bonde moja ambalo mawe yake ni mekundu upande mmoja na meusi upande wa pili, na katikati maji ya rangi ya shaba iliyoota kutu. Nilimsimulia Mzee Oto kila kitu, naye akatembea ameinua uso, akitabasamu kama anayesomewa barua. Tulilala kwa wachungaji, tukanywa chai yao ya chumvi na siagi. Meza mate kwanza ndipo uinywe, la sivyo itakushinda. Tulikula uji mzito wa shayiri iliyokaangwa. Watu wale hawakuwa na neno moja ninalolijua, lakini walinisogeza karibu na moto kabla ya watoto wao.

Na swala. Huku kwetu tumezoea kuelekea kaskazini tangu utotoni, mwili wenyewe unajua. Kule ilinibidi nielekee machweo. Kila niliposimama niliona kama nimekosea, nikageuka, nikajirudi. Maji yalikuwa barafu, nikatayamamu kwa jiwe. Nilikuwa Muislamu peke yangu katika bonde zima, na sikuwa na wa kuitikia "amin" nyuma yangu. Hapo ndipo nilipoanza kusikia upweke, mwanangu, na haukuwa ule nilioutamani. Nilitaka kukaa pasipo na mtu wa kuniita. Nilipokuwa nimekaa pasipo na mtu wa kuniita, nikaanza kutega sikio.

Siku ya kumi na mbili theluji ilianguka. Kiongozi wetu alikuwa mtu mwenye akili, akakataa kuvuka kilima. Tukakaa siku nne ndani ya kibanda cha mawe cha wachungaji, mchana kutwa, moshi machoni. Mzee Oto kichwa kilikuwa kikimuuma, akalala. Wapagazi walicheza karata kwa lugha yao. Mimi nilikaa mlangoni. Nilijaribu kumuomba Mungu arefushe umri wangu, ulimi ukawa mzito, kwa sababu niliona nikifa pale nitakuwa nimekufa bila radhi ya mtu hata mmoja, na wadogo zangu watazika jina langu Mombasa, mahali nisipokuwepo. Nilimwita mamako kwa sauti, "Mwanakombo, nisamehe." Mpagazi mmoja akainua uso, akaniangalia, akarudi kwenye karata zake. Umbali wa mtu kusema "nisamehe" asisikiwe na aliyekusudiwa, sijapata kuuona mkubwa zaidi ya huo.

Katika siku nne hizo ndipo ulipozaliwa.

Uchungu ulimjia mamako mapema. Bakari, kitinda mimba wetu, akamwomba mwenye gari la samaki, wakampakia kati ya matenga mpaka Msambweni. Alitoka damu nyingi. Madaktari walimpambania, wadogo zangu wakatoa damu. Na katika hali hiyo yote alikuwa akiuliza, "Kaka amefika?" Walipiga simu kila mahali palipojulikana. Mwisho Bakari, mtoto wa miaka kumi na sita, akapanda gari kwenda Mombasa kunitafuta. Alizunguka siku mbili. Aliuliza bandarini, akauliza hospitalini, kisha wakamwambia ajaribu na kule kwengine. Akafunuliwa nyuso za watu asiowajua, mmoja baada ya mmoja, akiogopa wa mbele yake ni mimi.

Nilirudi na kofia za sufi.

Jirani yetu Bi Riziki, yule aliyemwosha mama yetu alipofariki, alinikuta nimekaa barazani na begi langu. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akalitazama begi kwanza.

"Marahaba. Watoka wapi?"

Nikamwambia. Akapiga kofi pajani.

"Himalaya! Wewe, ukienda Ukunda kununua msumari hupita kwangu kuuliza kama nataka kitu. Himalaya umepita wapi?"

"Sikuaga, bibi. Niliona wazazi hawapo, sina wa kumtaka radhi."

"Ala! Kwani radhi ilizikwa na mamako? Mimi nilimwosha, nilimvisha sanda, sikuiona humo." Akaketi kando yangu, sauti ikapungua. "Hamisi, umewalea vizuri, Mungu anaona. Lakini ulidhani kulea ni kuwa juu yao. Yule anayekungoja ndiye mwenye radhi yako, hata awe hajaota meno. Na kama ulichoka, mbona hukusema umechoka? Tungekupa hata mwezi ulale."

Hilo la mwisho ndilo lililonivunja. Kwa miaka kumi sikupata kusema nimechoka. Nilikuwa nimekwenda mpaka juu ya dunia ili nisiliseme.

Nilimtaka radhi mamako jioni ile, mbele ya wote, nimekaa chini na wao wamekaa juu. Bakari alilia. Mamako alikuwa akikunyonyesha. Akasema, "Radhi nimekupa, kaka. Lakini kwa sasa usinisemeshe." Ilipita miezi saba kabla hajaniita kaka tena. Tuliishi nyumba moja, tukipishana mlangoni. Mzee Oto hakurudi tena Diani; tulisikia kwamba macho yalizimika. Wadogo zangu wameoa na kuolewa, wamekwenda zao, ni haki yao. Mimi nimebaki na nyumba hii yenye vyumba vinne, na wakati mwingine mchana nikisikia mtoto wa jirani akiita "kaka," nainuka.

Mwanangu, umeniuliza kama yafaa. Yafaa. Nenda njia ya kimya. Usiogope kutazama mawe, ukitulia yatakutosha. Lakini chagua kiongozi anayejua kusema leo hatuvuki, na akisema, usimshawishi; na kichwa kikikuuma juu kule, sema siku hiyo hiyo, usione haya mbele ya kina Kevo. Wape nyumbani tarehe za kweli na jina la kweli la bonde, na siku za ziada kwa ajili ya theluji, ili wasikutafute kwengine.

Kisha jiulize jambo nisilojiuliza mimi. Kama unakwenda kwa sababu unaitaka ile milima, itakupokea. Kama unakwenda ili mtu fulani asikupate, mtafute mtu huyo kwanza, umwambie umechoka. Wewe nawe ni mkubwa kwa wadogo zako, na naona unavyojibu simu zao kwa pumzi ya kuvuta.

Na kabla hujafunga begi, zunguka nyumba. Anza kwa mamako. Nenda kwa Bakari. Waketishe wadogo zako watatu, hata yule wa darasa la nne atakayekucheka, uwatake radhi mmoja mmoja. Usimwache mtu kwa kuwa ni mdogo wako. Kwangu usisumbuke kuja kwa ajili hiyo, ingawa ukija chai itakuwepo. Mimi radhi nakupa hapa hapa, kwa kila ulichonikosea na ambacho hukunikosea, nami unisamehe kwamba siku uliyoingia duniani sikuwepo.

Mola akutangulie katika kila kilima na akukalie nyuma katika kila mteremko. Akupe kimya cha kukutuliza, kisiwe cha kukupoteza. Akuhifadhi na theluji, akupe watu wema wa kukusogeza motoni, na akurudishe kwetu ukiwa na afya, ukiite jina la kila mmoja, nasi sote tukiwa hai kukuitikia. Amin.