Roketi ya Ulanzi

Niseme aibu kwanza: roketi yangu ilipaa mpaka usawa wa goti, ikageuka, ikanimwagia ulanzi, ile pombe ya mianzi, usoni mbele ya wazazi wote wa shule. Na mimi ni mwanakwaya.

Kisa ni mwalimu wa fizikia. Kidato cha pili tulikaa dawati moja kule kwetu Mbalizi, Mbeya. Alinakili mtihani wangu, tulipokamatwa akasema mimi ndiye niliyemnakili yeye. Akaaminiwa, maana ana sura ya kuaminiwa. Mimi nikafukuzwa, nikaishia kuziba pancha hapa Ipogolo. Halafu naye akahamishiwa hukuhuku.

Siku alipokuja kuazima pampu yangu, kwa ajili ya roketi za chupa za wanafunzi wake, nilifurahi kama baba mkwe aliyeletewa mahari. Nikamwambia nitaileta mwenyewe, ila nirushe ya kwangu kwanza. Nilitaka watu wamwone anashindwa na mziba pancha.

Wao walitumia maji: unatia kiasi kwenye chupa, unaiziba kwa kizibo chenye valvu, unapiga upepo mpaka chupa inaruka. Mimi nikawaza, maji yana nguvu gani? Ulanzi kila mtu huku anajua, ukiufunga unapasua chupa. Ulanzi ukichanganya na upepo, si itatua Mbeya?

Likatoka povu tupu.

Mwalimu hakucheka. Angecheka, ningempunguzia kinyongo. Alinifundisha, tena mbele za watu.

"Fundi, kinachosukuma chupa juu ni uzito unaotoka chini kwa kasi. Maji ni mazito. Povu lako karibu lote ni hewa, linatoka jepesi, halisukumi kitu."

Fundi! Tumekaa dawati moja, leo naitwa fundi. Wanafunzi walikuwa ndiyo kwanza wanaweka chupa yao ya maji. Nikachomoa pampu, nikaifunga kwenye kerieli ya baiskeli, nikasema nina wateja wananisubiri. Nikapiga pedali huku nanuka kilabu, nacheka peke yangu njia nzima.

Jioni akaja kibandani rafiki yangu anayeuza viatu jirani, ambaye wanawe wanasoma palepale. Nikamsimulia sura ya mwalimu ilivyomshuka nilipoondoka na pampu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mtu wa Mbeya wewe," akasema. "Mwalimu alienda zake kunywa chai. Wanangu ndio walibaki na chupa, wanaangalia juu."