Twiga Watatu wa Bibi Skola

Mpaka leo nikikata ndimu, harufu yake hunirudisha kwenye kiti cha dirishani cha basi la kutoka Ifakara kwenda Morogoro. Mama alinifungia ndimu mbili kwenye pindo la kitenge ili nizinuse nisitapike njiani. Nilikuwa na miaka tisa. Pembeni yangu alikaa Bibi Skola, aliyemzaa mama, ameushika mkono wangu kama mtu anayevuka mto.

Bibi alikuwa haoni. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe, na alitutambua kwa sauti na kwa vishindo vya miguu. Mama mdogo, aliyeishi Morogoro, alikuwa amempatia daktari wa kumfanyia upasuaji. Lakini mpunga ulikuwa umeiva kule kwetu Namawala na kila mtu alihitajika shambani, kwa hiyo nikatumwa mimi niwe macho ya Bibi mpaka stendi, ambako mama mdogo angetupokea.

Niwaambie ukweli: mimi nilikubali kwa sababu ya twiga. Wanyama tuliowajua kijijini walikuwa wa hasara tu, viboko wanaokanyaga mpunga na nyani wanaong'oa mahindi. Twiga nilimjua kwa picha ya kalenda aliyonipa Mzee Salumu mwenye duka, mwaka ulipokwisha. Nilimtazama kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Alionekana mpole, hana ugomvi na shamba la mtu. Na barabara ya Morogoro, niliambiwa, inapita katikati ya hifadhi ya wanyama.

Tulipita Kisawasawa, milima ya Udzungwa ikiwa upande wa kushoto imejifunika mawingu, kisha mashamba ya miwa ya Kidatu. "Sasa tuko wapi?" Bibi aliuliza kila mara, nami nikamweleza. Lakini kadiri tulivyosogea ndivyo alivyozidi kunyamaza. Basi liliposimama Mikumi ili watu wapate chakula, Bibi aliinama akaanza kupapasa kapu lake.

"Mjukuu wangu, turudi," alisema kwa sauti ya chini. "Ukungu nimeshauzoea. Kisu jichoni sitakiweza."

Nilishtuka. "Bibi, tukishuka hapa twiga siwaoni!"

Bibi akalirudisha kapu miguuni. "Haya. Ukiwaona uniambie wakoje."

Tukaingia hifadhini. Swala walipotokea basi zima lilipiga kelele. Nyati walipoonekana kwa mbali, kelele tena. Halafu yakabaki majani makavu tu, na joto likichezacheza juu yake kama maji. Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi. Twiga hakuonekana hata mmoja. Miti ikaanza kubadilika, vibanda vikaonekana, hifadhi ikaisha.

"Bado?" Bibi aliuliza. Alikuwa ameanza tena kupapasa kapu lake.

"Wale pale, Bibi," nikasema.

"Wangapi?"

"Watatu. Wanatembea polepole kama wanaogelea kwenye majani. Miguu haionekani, shingo tu ndizo zinapita."

"Na mdogo yupo?"

"Yupo. Amechelewa nyuma, mama yake anamsubiri."

Bibi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani. Akauliza wana rangi gani, wanakula nini, yule mdogo ameshamfikia mama yake? Nikaendelea kuwatembeza twiga wangu mpaka milima ya Uluguru ikatokea mbele yetu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wiki chache baadaye tulirudi, Bibi akiwa na miwani myeusi, akisoma mabango ya barabarani kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nililala. Nikasikia natikiswa bega.

"Amka! Amka uone!"

Twiga mmoja alikuwa amesimama kando ya barabara, anatafuna majani ya mgunga na kututazama chini kwa yale macho yenye kope ndefu. Abiria wote walikuwa wamesimama, wanapiga kelele, hata kondakta. Bibi alivua miwani, machozi yanamtiririka. Kisha akanigeukia.

"Huyu ndiye wa kwanza, siyo?"

Niliinamisha kichwa. "Ndiyo, Bibi."

"Nilijua. Siku ile basi zima lilikuwa kimya."

Hakumwambia mtu yeyote, na kwa miaka mingi niliamini kwamba alinisamehe uongo wangu. Mwaka jana nilikaa kwenye benchi la hospitali nikisubiri kuitwa. Binti yangu alikuwa pembeni ananisimulia habari za shuleni, ambazo nusu yake sikuzielewa. Kila aliponyamaza nilimwuliza swali jingine, lolote lile, ili asiache kuongea. Hapo ndipo nilipomwelewa Bibi. Katika miaka yangu tisa sikujua kwamba watu wazima nao huogopa. Alijua tangu nilipowataja wale twiga kwamba hakuna kitu nje ya dirisha, na bado akaniuliza kama mdogo yupo.