Mjane Asiyevishwa

Bongekile alinyimwa godoro la mjane, lile analokalia mfiwa sakafuni mpaka maziko yaishe. Aliyemnyima ni MaKhoza, mama mzazi wa Nomalanga.

Bongekile na Nomalanga walikaa chumba kimoja cha uani, KwaThema, mpaka mvi zikawaota, na mtaa mzima ulijua. Korona ilipofungia watu ndani, wenye virusi vya ukimwi waliogopa kwenda kliniki kuchukua dawa. Hao wawili na wenzao, wanawake wapendao wanawake, walimbana muuguzi mkuu langoni mpaka akakubali wawapelekee wagonjwa dawa majumbani. Waligonga hata milango iliyozoea kuwatemea mate. Mlango wa MaKhoza ulikuwa mmojawapo. Katika kutembeza dawa huko Nomalanga akaambukizwa korona, akapelekwa hospitali, hakurudi.

Siku ya maziko Bongekile aliingia kwa MaKhoza, barakoa usoni, akamkuta MaKhoza amekalia godoro sakafuni, kajifunika blanketi.

"Mama, nisogezee nikae."

"Kwa ukoo gani? Mwanangu hakuolewa. Alikuwa na rafiki wa chumba."

"Juzi nilipokuletea dawa uliniita mkamwana."

"Juzi nilikuwa mgonjwa. Mgonjwa humwita hata paka baba."

Mtu alicheka nyuma ya barakoa. Bongekile akatoka, akasimama barabarani na wenzake mpaka jeneza likapita. Hakulia. Alitazama viatu vya wabebaji.

Lindokuhle, rafiki yake, akamshika mkono. "Dada, tukuvishe sisi. Nina sketi nyeusi ya kanisani, ila makalio hayo sijui yatapitia wapi."

"Nguo ya msiba huvishwa na wenye maiti," Bongekile akasema. "Mwaka ukiisha, wao ndio huivua. Mkinivisha nyinyi, nani atanivua?"



Mwezi uliofuata dawa za MaKhoza zikawa tayari. Wenzake Bongekile walisema wampelekee wao. Bongekile akakataa, akaenda mwenyewe, akagonga.

"Weka ukutani," MaKhoza akasema dirishani.

Akaziweka. Akangoja kidogo. Pazia likashuka.

Mpaka leo anampelekea. Havai nyeusi wala havai nyekundu; huvaa iliyo karibu. MaKhoza ana deni la kumvisha Bongekile nguo ya msiba kwa mkono wake, kisha kumvua kwa mkono huohuo. Hajamvisha. Kwa hiyo mwaka wenyewe haujaanza.