Beji Aliyoirudisha Faustin

Kisa hiki nimekisikia kikisimuliwa sokoni Jabe kwa namna tatu, na zote tatu ni uongo. Wako wanaosema palikuwa na jini ndani ya mashine. Wako wanaosema nilikuwa nimelewa, mimi ambaye sijawahi kuonja pombe. Na wako wanaosema ni ndoto ya mzee aliyestaafu akakosa kazi ya kufanya. Naandika ili kumbukumbu zikae sawa. Haikuwa ndoto, haikuwa usiku, na hapakuwa na jini. Palikuwa na mtu niliyemjua kwa jina, kwa sauti na kwa namba ya beji, na mtu huyo alikuwa amekufa majuma matano kabla.

Nilikuwa afisa wa kinga ya mionzi katika hospitali moja ya Bujumbura, miaka ya vita. Msishangae kwamba cheo kama hicho kilikuwepo wakati watu wakiuawa barabarani. Tulikuwa na mashine ya kupiga picha za mifupa na vifua, ile ambayo wagonjwa huiita radio, na penye mashine hiyo lazima awepo wa kuwalinda wanaoitumia, maana mionzi haina harufu wala sauti, na humla mtu polepole. Kila fundi alivaa kifuani beji ndogo yenye kipande cha filamu ndani. Mionzi ikimgusa, filamu inaweka alama. Mwisho wa mwezi nilizikusanya, nikaandika namba zake daftarini, nikazituma ng'ambo zikasomwe, na majibu yakarudi baada ya miezi, kwa kuwa ndege za siku zile zilikuwa za kubahatisha. Aliyetoka kazini alitundika beji kwenye msumari wake, ubaoni, nje ya ofisi yangu. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Niliandika pia kwamba atakayezidisha kipimo ataondolewa penye mionzi mara moja, bila mjadala, na atapewa kazi nyingine.

Faustin alitoka Uvira, upande wa Kongo. Alikuwa fundi wa radio, kijana mrefu asiyejua kunyamaza. Mgonjwa anapopigwa picha ya kifua lazima azuie pumzi, na mafundi wengine walipaza sauti tu: "Usipumue!" Faustin yeye alisema, "Mama, vuta pumzi. Sasa uifungie ndani. Uifiche kama vile unaficha siri ya mujirani." Mama wa watu anataka kucheka, hawezi, na picha inatoka safi. Walikuwa wakija wakiuliza, yupo yule wa Uvira? Kama hayupo, wanarudi kesho.

Mimi pia alinitania. "Shefu, siku utakufa tutakuzika na daftari yako, malaika wakukute unawapanga mustari!" Chumba kizima kilicheka. Nilicheka pia, kwa meno.

Nilimwonea wivu. Siufichi tena. Haukuwa wivu wa siku moja. Niliamka nao na niliunywa pamoja na chai. Mke wangu alipopata kikohozi nilimpeleka apigwe picha, naye akarudi akitabasamu, yeye ambaye hakuwa ametabasamu tangu tuhame Jabe kwenda Gihosha. "Baba Halima," akaniambia, "kumbe kazi yenu inaweza kufanywa na mutu mwenye furaha?" Nambieni, mume atajibu nini hapo?

Kisha ikaja nafasi. Miezi sita ya masomo ng'ambo, mtu mmoja tu, na somo lenyewe lilikuwa kinga ya mionzi: kazi yangu, meza yangu, miaka yangu kumi na minne. Direkta wa hospitali akampa Faustin. "Wewe umeshajua kila kitu, mzee wangu," akaniambia. "Tupeleke kijana anayejua kuongea na watu." Maneno hayo, kuongea na watu, yalinikaa kooni kama mwiba wa mukeke, samaki wa ziwa letu.

Ijumaa moja mafundi waliondoka mapema ili wawahi nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Faustin alitundika beji yake msumarini, kama nilivyomfundisha. Nikaitwaa. Nikaiweka mbele ya mashine, mahali pa kifua cha mgonjwa, nikasimama nyuma ya ukuta wa kinga, nikabonyeza. Mara ya kwanza niligeuka kuutazama mlango. Mara ya nne sikugeuka. Kisha nikairudisha msumarini, na nikainyoosha ikae wima, maana sipendi kitu kilichopinda.

Majibu yalifika majuma mawili kabla ya safari yake. Kipimo chake kilikuwa kimezidi mno. Nikamwita ofisini.

"Apana, shefu," alisema. "Mi nasimama nyuma ya ukuta kila siku. We mwenyewe unanionaka."

"Si mimi ninayesema, Faustin. Namba ndiyo inasema."

"Basi namba inadanganya," akasema, "sababu we haudanganyaka."

Hakuwa akinikejeli. Aliniamini, na hilo lilinikasirisha kuliko matusi.

Safari ikafutwa. Kwa kanuni yangu aliondolewa penye mionzi, akapewa kazi ya kusindikiza dawa kutoka bandarini hadi zahanati za milimani. Katika safari ya tatu gari lao lilishambuliwa njiani, likateketea. Waliokuwemo walizikwa hukohuko na watu wa kilima kile. Daftarini mwangu ilibaki nafasi moja tupu: beji yake ya mwisho. Siku nilipomwondoa alitoka nayo kwenye shati, na sikuwa na uso wa kumdai.

Sasa nisikilizeni vizuri. Filamu za radio huoshwa katika chumba cha giza, na chumba hicho nilikikagua kila baada ya miezi mitatu. Ukaguzi wenyewe ni huu: unajifungia ndani, unazima hata ile taa nyekundu isiyoharibu filamu, unakaa dakika kumi mpaka macho yazoee, kisha unatafuta mahali mwanga unapopenya. Ilikuwa saa nane mchana, jua likichoma mabati. Komeo nililifunga kwa mkono wangu.

Baada ya dakika kadhaa nikaona alama ya mwanga. Nikadhani ni tundu la msumari, nikatoa kalamu nipawekee alama. Mwanga ukasogea. Je, tundu husogea? Ulikuwa mdogo, wa mraba, usawa wa kifua cha mtu mrefu, na ulipanda na kushuka taratibu, kama kitu kilichobanwa kwenye shati la mtu anayepumua. Chumba kikanuka mpira ulioungua.

"Vuta pumzi, shefu," ikasema sauti. "Sasa uifungie ndani."

Niaminini, niliifungia. Sikutaka, lakini kifua hakikunitii.

"Bibi ya kwako, kile kikohozi kilimuachia?" akauliza, kwa adabu ileile iliyokuwa ikinichoma alipokuwa hai. "Mi nimeleta beji. Si unatufundishaka turudishe mwisho wa mwezi? Nimechelewa, unisamehe. Njia ilikuwa mubaya."

Kitu chepesi kikawekwa kiganjani mwangu, kina joto, kama kilichovuliwa sasa hivi. Na mnajua nilihisi nini? Si hofu, hofu ilikuja baadaye. Nilihisi wivu. Mtu amekufa, amezikwa mlimani, bado anakumbuka kurudisha beji na bado anamjulia mke wangu hali, na mimi niliye mzima sijamwandikia mama yake hata barua ya pole.

"Andika sasa, shefu."

Niandike nini, nilitaka kuuliza, na pumzi sina.

"Andika kitu kenye unajua. Si ni we hautakaka mustari ubaki wazi?" Sauti ilikuwa karibu kucheka. "Haya. Pumua."

Kifua kikafunguka, nikaangukia beseni la dawa ya kuoshea filamu. Nilipofungua komeo, Mama Zuhura, mfagiaji wetu, alikuwa amesimama mlangoni na ufagio.

"Mzee, mulikuwa wawili humu?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Peke yako, na nani alikuwa anacheka? Nimesikia Faustin, Mungu amurehemu." Kisha akautazama mkono wangu, akarudi nyuma hatua mbili.

Beji ilikuwa na namba yake. Nililinganisha na daftari mara tatu.

Niliituma ng'ambo pamoja na zile nyingine, bila maelezo. Majibu yaliporudi, beji ya Faustin ilikuwa safi, kama haijawahi kukaribia mashine. Yangu mimi, ile niliyokuwa nimeivaa mle gizani ambamo hamna mionzi hata chembe, ilibeba kipimo kilekile nilichombambikia yeye, tarakimu kwa tarakimu. Mwezi uliofuata, vilevile. Na uliofuata. Sikuweza kuzificha namba hizo tena: kwa kanuni niliyoiandika mwenyewe, nikaondolewa penye mionzi.

Nilikuwa nikikusanya vitu vyangu ofisini alipoingia mama yake kutoka Uvira, mwanamke mfupi aliyejifunga kitenge cheusi. Hakutaka kuketi.

"Baba, nimekuja kuuliza kitu moja tu. Kule kwetu wanasema mutoto yangu alitolewa mu kazi sababu alikuwa muzembe. Ni kweli?"

Daftari lilikuwa wazi mezani, kati yetu. Nafasi ilikuwa hiyo, wala haikuja nyingine.

"Namba ndiyo ilisema, mama," nikajibu.

Akainamisha kichwa. "Basi asante, baba. Yeye alikuwa anakusifu sana. Alikuwa ananiambia, mama, ule mukubwa ndiye alinifundisha kazi."

Akaenda zake. Nilibaki nimeshika meza, kifua kimefungwa, mpaka alipotoka nje ya lango.

Jioni ileile niliandika yote, ukurasa mzima, nikatia sahihi, nikampelekea Direkta. Akasoma, akafunga daftari. "Mzee wangu," akasema, "tuko na wafu wa kutosha. Nenda upumzike." Daftari likafungiwa kabatini. Nikastaafu kwa heshima, nikapewa cheti kinachosifu uaminifu wangu, na katika maisha yangu yote ya ofisi sijaona karatasi yenye uongo zaidi kuliko hiyo. Hasira yangu haijapoa. Walitaka kulinda jina la nani? Langu, na mimi ndiye niliyekosa! Nilikwenda Uvira mara mbili kumtafuta yule mama. Vita vilikuwa vimeshamhamisha, na majirani hawakujua alikoelekea.

Tangu siku mama yake alipokuja, kila saa nane mchana, saa ileile ya chumba cha giza, kifua changu hufunga. Kinafunguka nikisema kwa sauti, mbele ya yeyote aliyepo, "Faustin hakukosa." Nimesema hivyo kwenye harusi, kwenye foleni, na mbele ya daktari aliyeniambia kwamba mapafu yangu hayana kasoro. Mke wangu amezoea. Katika dua zake humtaja Faustin kwanza, kisha mimi, na Mungu anisamehe, hata sasa naona wivu.

Ninyi mnaokabidhiwa madaftari ya watu, nawaonya. Siku unapomwonea mtu wivu, weka kalamu chini, funga ofisi, nenda nyumbani. Maana mtu unayemwandika vibaya huja kudai, naye huja kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo usiyoweza kuistahimili.

Na kama msomaji wangu anamfahamu mama mmoja wa Uvira, mfupi, aliyefiwa na mwanawe fundi wa radio katika barabara za Burundi, tafadhali amwambie kwamba mwanawe hakuwa mzembe. Amwambie aliyesema uongo yu hai, anakaa Gihosha, upande wa mlimani, na siku hizi mchana haondoki nyumbani, ili mama huyo akija amkute.