Nilimeza klorokwini kila mwezi, kumbe sikuwa na malaria

Wakuu, salaam. Vijana niamkieni vizuri, mimi ni bibi wa wajukuu watano. Nasimulia yaliyonikuta mwenyewe, sijatia chumvi. Na wanaume msikimbie, mmo humu ndani.

Enzi za Ujamaa nilikuwa na miaka kumi na saba, tunakaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu.

Period zangu zilikuwa adhabu. Tumbo linakata, kiuno kinavunjika, natapika. Lakini nilipochezwa unyago, somo yangu alinionya kwamba mambo ya mwezini hayasemwi mbele za watu. Basi hata mama sikumwambia. Nikiulizwa, jibu ni moja: malaria.

Napewa klorokwini. Kila mwezi! Mliowahi kuzimeza mnajua: mdomo mchungu, mwili unawasha mpaka unajikuna kwa gunzi. Na tumbo liko palepale.

Sasa mwaka mmoja wa shida ya vyakula, dada yangu Zuhura alikuwa amejifungua, maziwa hayatoki, anahitaji uji. Nyumbani hamna unga wala sukari. Mama alishakosa foleni mara mbili. Safari ya tatu akanipa mimi kadi ya duka.

"Usirudi mikono mitupu, mwanangu."

Alfajiri nikaweka jiwe langu kwenye foleni. Ndiyo ilikuwa desturi, jiwe linakushikia nafasi mpaka duka lifunguliwe. Likishafunguliwa na wewe hupo, linapigwa teke pembeni.

Duka likafunguliwa, na tumbo nalo likaanza. Nikachuchumaa. Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja, kuli wa bandarini, akauliza kulikoni.

"Shikamoo mzee. Malaria tu." Nikafungua pindo la khanga kwa mkono mmoja nitoe klorokwini, mwingine umekandamiza tumbo.

Mbele yangu alikuwa Mama Chausiku, muuza vitumbua. Akageuka, akaitazama mikono yangu.

"Malaria gani hiyo inashikwa chini ya kitovu?"

Nililia, wakuu. Nililia kwa maumivu, kwa aibu, na kwa uji wa Zuhura.

Akanifunga khanga yake, akaninyanyua. Nikamwambia siwezi kutoka, jiwe langu! Akamgeukia yule kuli: "Baba, mawe yetu haya nakuachia wewe."

Na mzee huyo ndiye aliyekuwa akiwafokea wadandia foleni tangu asubuhi. Nikajua nimekwisha.

Chumba chake kilikuwa ng'ambo ya barabara. Akanilaza, akajaza maji ya moto kwenye chupa, akaizungushia kitambaa, akaniwekea tumboni. Akanipa na chai ya tangawizi, sukari hakuna. Maumivu yakalegea, nikapitiwa na usingizi.

Nikashtuliwa na sauti kutoka nje.

"Binti! Jiwe lako limefika mlangoni!"

Mzee wa watu alikuwa akiyasogeza kwa mguu, hatua kwa hatua, mawe mawili. Aliyelalamika aliangaliwa mara moja tu akanyamaza.

Nilirudi na unga wa yanga, ule wa njano, na sukari. Zuhura akanywa uji siku ileile.

Jioni Mama Chausiku akaja kuzungumza na mama. Mama akashika mdomo. Kumbe naye ujanani alikuwa akisema ana homa! Kesho yake akanipeleka hospitali, nikapewa dawa inayohusika. Maumivu hayakuisha yote, ila klorokwini za bure ziliisha.

Mama Chausiku na yule mzee wametangulia mbele za haki. Sikuwashukuru inavyostahili, kwa hiyo nawashukuru hapa, mbele yenu.

Mabinti, semeni. Yakizidi, nendeni hospitali, msivumilie tu. Somo yangu hakukosea, alisema nisiseme mbele za watu. Kosa langu ni kumhesabu mama yangu kuwa "watu".

Mwezi uliopita mjukuu wangu kajikunja kitandani. "Bibi, nina taifodi."

Nikaitazama mikono yake. Nikaenda kuchemsha maji.

Haya, uwanja wenu. Nyie kwenu mlikuwa mnauita ugonjwa gani?